Nyumba ya Askofu Iliyofunikwa na Maji



Ukristo wa Afrika haukuanza na wamisionari wa karne ya 19. Kando ya mto Nile, katika nchi ya Wanubi iliyo kaskazini mwa Sudan ya leo, palikuwa na mji wa Pachoras, ambao baadaye uliitwa Faras. Hapo palikuwa na kanisa kuu, makaburi ya maaskofu, na makao ya askofu jirani na kanisa. Habari Njema ilifika kwa Wanubi katika karne ya 6, na aliyemtuma mhubiri Julian alikuwa mwanamke: Theodora, mke wa Kaisari Justinian. Mumewe naye alituma wajumbe wake, lakini wa mama ndio waliotangulia kufika!

Karne zikapita, mji ukafifia, mchanga wa jangwani ukalijaza kanisa. Mwaka 1960 Misri ilipoanza kujenga bwawa kuu la Aswan, ilijulikana kwamba bonde lile lote litazama. Wachimbaji kutoka Poland, wakiongozwa na Profesa Kazimierz Michałowski, walifanya kazi huko kuanzia 1961 hadi 1964, maji yakiwafuata. Walipoondoa mchanga walikuta picha zaidi ya 120 ukutani.

Kila picha ilibandikwa karatasi nyembamba ya Kijapani kwa nta na ulimbo, ikapigwa pasi ya moto, kisha ikakatwa ukutani kwa msumeno. Mimi muuguzi nikisoma hayo nawaza jinsi tunavyomfunga majeruhi vizuri kabla ya kumwinua.

Makao ya askofu hayakuweza kubebwa. Mengi ya majengo ya Faras yalikuwa ya matofali mabichi, na tofali bichi likikutana na maji, unajua wewe mwenyewe. Wanubi wa Sudan wapatao 50,000 nao walihamishwa, wengi wakapelekwa mbali sana, Khashm el-Girba. Fikiria mama anayefunga mlango wa nyumba aliyozalia watoto wake, akijua kaburi la mmoja wao litabaki chini ya ziwa.

Picha 67 zilipelekwa Warsaw, nyingine zikabaki Khartoum. Warsaw yupo Askofu Petros wa karne ya 10, uso wake mweusi kama wetu, Mtume Petro amesimama nyuma yake. Kati ya picha za Faras yupo pia Martha, mama wa mfalme, akilindwa na Bikira Maria. Kwa Wanubi ufalme mara nyingi ulimwendea mtoto wa dada, hivyo mama wa mfalme hakuwa mtu wa kukaa jikoni tu.

Za Khartoum zilikuwa nyumbani, na hilo lilinipendeza zaidi. Lakini vita vilianza huko Aprili 2023, na Makumbusho ya Taifa yakaporwa. Ninayempenda kuliko wote yuko Warsaw: Anna, mama yake Maria, ameweka kidole kimoja midomoni. Wataalamu wengine husema anaomba kimyakimya.