Kupinga Utumwa Hakutoshi

Mtu akigusia ubaguzi wa rangi katika makanisa ya Tanga, huambiwa kwanza kwamba makanisa haya yaliletwa na watu waliopinga utumwa. Ni kweli, wala si jambo dogo. Misheni ya Kianglikana ya UMCA, iliyokita Magila huko Muheza, ndiyo iliyojenga kanisa kuu la Mkunazini, Unguja, palipokuwa na soko la watumwa. Na mwaka 1920 askofu wake, Frank Weston, aliandika kijitabu kuishutumu serikali ya nchi yake kwa kuwafanyisha Waafrika kazi za shuruti. Lakini kumtetea mtu ni jambo moja, kumpisha kwenye kiti ni jingine. Cecil Majaliwa, aliyekombolewa utumwani, alipewa upadre mwaka 1890. Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana Tanganyika, Yohana Omari, aliwekwa wakfu mwaka 1955, tena kwa ajili ya upande wa Dodoma, si wa Tanga. Dayosisi iliyoshika Zanzibar na Tanga iliendelea kuongozwa na Waingereza hadi baada ya Uhuru. Anayesema wenye elimu walikosekana atueleze chuo cha misheni hiyo cha Kiungani kilikuwa kikifundisha nini.

Wengine husema kuzungumzia ubaguzi ni siasa, kanisa lihubiri Injili. Walijibiwa Dar es Salaam mwaka 1977, katika mkutano mkuu wa Shirikisho la Walutheri Duniani uliomchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais. Mkutano ule ulitamka kwamba kuukataa ubaguzi wa Afrika Kusini ni suala la imani yenyewe. Mwaka 1984, kule Budapest, makanisa ya Wazungu ya kusini mwa Afrika yaliyong'ang'ania utengano yakasimamishwa uanachama.

Hoja nzito ni hii: Wazungu wameondoka, mnafukua nini? Tunafukua desturi ya kuamini kwamba uongozi una wenyewe, ambayo haikupanda meli pamoja nao. Mashamba ya mkonge ya Korogwe, Muheza na Pangani yalivuta manamba kutoka kusini mwa nchi, Rwanda na Burundi. Wajukuu wao wamezaliwa hapa na kubatizwa hapa. Kuwaita watu wa kuja ni kuwabagua, hata kama anayewaita ana rangi kama yao. Kuhusu hofu kwamba mjadala utaugawa usharika, aliyeachwa nje ya baraza alishagawanywa zamani. Tunaomba kila usharika ufungue madaftari ya wazee wa kanisa tangu 1961, utuandikie ni koo zipi zimo na zipi hazimo.