Hakuna Ndege Mbaya



Mwezi uliopita mzee wetu mmoja alikuwa kitandani kwa homa. Usiku wa pili bundi akatua juu ya paa la nyumba yetu, akalia. Kina mama wakashika vichwa, wazee wakanong'onezana, na vijana wakatoka nje na kurunzi na mawe. Asubuhi tulimkuta bundi yule chini ya mpera, amekufa. Kijana aliyempiga, mwenye umri wa miaka 12, alisifiwa kutwa nzima kama mtu aliyefukuza mauti mlangoni. Nasi wakubwa, tunaojua kusoma na tunaohudhuria darasa za msikitini, tulinyamaza kimya. Mzee wetu alipona siku ya nne, Alhamdulillahi, na wengi nyumbani wanaamini mpaka leo kwamba ni jiwe lile lililomponya.

Kunyamaza kwetu ndiko kunakotufanya tuandike maneno haya.

Waswahili wa zamani walisema "ndege njema" na "ndege mbaya" kwa maana ya fali njema na mkosi. Waarabu nao neno lao la kukisia mkosi, yaani tiyara, limetokana na jina la ndege. Katika Hadithi waliyoipokea Maimamu Bukhari na Muslim, Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) aliikanusha tiyara, na pamoja nayo akaitaja hama, ambayo wanavyuoni wameieleza kuwa ni itikadi ya watu wa Ujahilia juu ya bundi, ama juu ya roho ya maiti kugeuka ndege. Basi itikadi iliyokanushwa tangu zama za Mtume tuliikuta ingali na nguvu nyumbani mwetu.

Tukaona kwamba kumkemea kijana pekee hakutafaa, maana kosa lilikuwa letu kabla ya kuwa lake. Kurani Tukufu, katika Sura ya An-Nahl na ya Al-Mulk, yatutaka tuwatazame ndege warukao angani tujue ni nani anayewashika. Agizo hilo sisi tumewaachia watalii wenye darubini. Kwa hiyo tulikodi gari, tukaazima darubini moja, tukamchukua kijana yule na ndugu zake wawili, tukaenda kuwatazama ndege.

Safari ilianzia Gede, karibu na magofu ya ule mji wa Kiislamu uliohamwa katika karne ya 17, ambao miti imeota mpaka ndani ya kuta zake. Tulisali Alfajiri, na kabla jua halijachomoza tulikuwa tumekwisha kuingia katika Msitu wa Arabuko-Sokoke. Kiongozi wetu, Mwislamu aliyezaliwa katika kijiji cha kando ya msitu, alitupa masharti matatu: tusipige kelele, tusitupe kitu, na tusiguse kiota chochote.

Msitu huu una ukubwa wa yapata kilomita za mraba 420. Mgeni huuona ni msitu mmoja, lakini kiongozi alituonyesha kuwa ndani yake mna misitu mitatu. Upande wa mashariki miti ya namna nyingi imechanganyika. Katikati, penye mchanga mweupe, imesimama mirihi iliyoachana, na jua hupenya mpaka chini. Na upande wa magharibi, juu ya udongo mwekundu, ni kichaka kinene ambacho mtu hawezi kukipita ila kwa kuinama. Kila sehemu ina ndege wake, na wengine hawahami kwenda kwa jirani.

Katika mirihi tuliona kundi la mnana wa Clarke, ndege mdogo wa rangi nyeusi na manjano, asiyejulikana kuwako popote duniani ila katika Kaunti ya Kilifi. Kwa miaka mingi wataalamu walikuwa wakimwona mitini bila ya kujua anakotaga. Mwaka 2013 ndipo viota vyake vilipogunduliwa, navyo havikuwa msituni. Vilikuwa katika majani ya kinamasi huko Dakatcha, ng'ambo ya mto Sabaki. Ndege huyu, basi, hatosheki na msitu peke yake. Ukiulinda msitu ukakikausha kinamasi, utakuwa umempa nyumba ukamnyima mahali pa kulea watoto.

Tulipofika penye udongo mwekundu kiongozi alituacha njiani, akaingia kichakani peke yake. Tulingoja muda mrefu. Kisha mkono ukatokea katika majani ukatuita, tukaenda kwa magoti. Juu ya tawi, kadiri ya kimo cha mtu, alikaa bundi wa Sokoke amefumba macho.

Kijana wetu alishtuka, kwani alitazamia dude la kutisha. Huyu kimo chake ni kiasi cha sentimita 16, hafikii kalamu ya risasi iliyo mpya. Rangi yake ilikuwa ya kijivu kama gome la mti, na chakula chake ni wadudu. Wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1966, naye hajulikani kuwako ila katika misitu michache ya pwani ya Kenya na chini ya milima ya Usambara ya Mashariki, Tanzania.

Kijana akauliza kwa sauti ya chini, "Ami, huyu ndiye alialiaye juu ya nyumba mtu akafa?"

Kiongozi akatabasamu. "Mwanangu, huyu hata nyumba haijui. Yule wa mapaani ni mwingine, mwenye uso mweupe, naye huja kwenu kwa sababu kwenu kuna panya. Hana habari na mgonjwa wenu."

Kijana hakujibu neno. Alimrudishia ndugu yake darubini, akatazama chini. Na sisi tulitazama chini vile vile, kwa kuwa jawabu lile lilikuwa letu kulitoa, usiku ule, kabla jiwe halijarushwa.

Tulipotoka msituni tulisali Adhuhuri mjini Malindi, tukavuka daraja la Sabaki, tukatembea katika uwanda wa majani mpaka mto unapoingia baharini. Maji yake yalikuwa mekundu kwa udongo unaotoka katika mashamba ya bara. Katika vidimbwi walisimama heroe, na keremkeremu wekundu walikuwa wakikamata wadudu juu ya majani. Ndege aliyetushughulisha zaidi ni mmoja wa rangi ya udongo, aliyepewa jina la Malindi yenyewe, aendaye kwa miguu ndani ya majani. Watatu katika sisi tulipita karibu naye tusimwone.

Alasiri ilitukuta Mida, penye mikoko na matope ya bahari. Maji yalikuwa yanajaa, na kila yalivyopanda yaliwasogeza ndege karibu na daraja la mbao tuliposimama. Walikuwako vitwitwi wadogo waliotaga Siberia, kwenye nchi za barafu, kisha wakaja kula matope yetu. Miongoni mwao alikuwako ndege mkubwa, mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huyu hutujia na kaskazi, kama majahazi ya wazee wetu, na akirudi huenda kutaga katika pwani za Bahari ya Shamu na za Ghuba. Huchimba shimo mchangani, akataga yai moja jeupe. Kiongozi alituambia kwamba mwenye kulichukua yai hilo huwa amechukua uzazi wake wa mwaka mzima.

Tukawakumbusha vijana Hadithi aliyoipokea Abu Daud, kwamba masahaba walipokuwa safarini waliwachukua makinda mawili ya ndege mmoja, na mama yao akaja akitandaza mabawa kwa huzuni. Mtume (s.a.w.) alipomwona aliuliza ni nani aliyemhuzunisha kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Kijana wetu alitaka kujua kama bundi wa juu ya paa naye alikuwa na makinda. Hatukuwa na jawabu.

Wasomaji wetu, neno letu ni hili. Hatari ya ndege wa Sokoke na Mida haitoki kwa vijana wenye manati peke yao. Makaa yanayochomwa kwa wizi msituni hupikiwa majumbani mwetu. Mihuhu inayokatwa kwa siri huchongwa sanamu na kuuzwa sokoni. Anunuaye bila ya kuuliza ana fungu lake katika jambo hili. Wenye kujiweka mbali na neno wapo pia: sehemu ya malipo ya wageni wanaopita juu ya daraja lile la Mida husaidia karo za watoto wa vijiji vya jirani, hata mzazi aliyekuwa akiutazama msitu kama kuni sasa huutazama kama madarasa.

Kwa hiyo, enyi baba na mama, wapelekeni vijana wenu wakawatazame ndege, kwa miguu ikiwa gari halipatikani, hata kwenye kidimbwi kilicho nyuma ya mtaa. Wafundisheni majina yao, kwani ni vigumu kumpiga jiwe umjuaye kwa jina. Na siku bundi atakapolia juu ya paa, nanyi mna mgonjwa ndani, mpeni mgonjwa dawa, mwombeeni dua, kisha waambieni watoto kwa sauti ya kusikika kwamba uhai na mauti viko mikononi mwa Mwenyezi Mungu peke yake, na ndege yule amefuata panya. Msinyamaze kama tulivyonyamaza sisi.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyapuuza, na atujaalie kuwa walinzi wema wa viumbe vyake. Amin.