Wacheni Waliokosa Penalti. Bao la Pili Lilikuwa Wapi?

Skizeni. Wiki nzima nimenyamaza, na wanaonijua wanajua kunyamaza si kazi yangu. Lakini Jumamosi nimekaa nikatazama fainali ya CHAN, Morocco 3 Madagascar 2, palepale Kasarani, na mechi nzima kichwa changu kilikuwa pahali pengine. Hawa Morocco sisi tuliwafunga, tena tukiwa watu kumi. Hawa Madagascar walicheza na sisi dakika 120 wakashindwa kutushinda. Halafu wao wako uwanjani wanagombea kombe, sisi tuko Kibokoni twatafuna mabuyu.

Nafungua simu, napata nini? Bado ni majina ya waliokosa matuta. Bado ni mapicha yaliyoandikwa matusi. Mtu ambaye mara ya mwisho kugusa mpira alikuwa darasa la sita aandika ati fulani asivae tena jezi ya taifa. Siwataji hapa. Majina yao yametajwa vya kutosha.

Msimamo wangu ni huu, na kama lazima mtukane mtu basi nitukaneni mimi: Kenya haikutolewa na matuta. Kenya ilitolewa na bao moja.

Hesabuni wenyewe. Agosti 3, DR Congo, 1-0, Austin Odhiambo. Agosti 7, Angola, 1-1, Austin tena kwa penalti. Agosti 10, Morocco, 1-0, Ryan Ogam. Agosti 17, Zambia, 1-0, Ogam tena. Agosti 22, Madagascar, 1-1, Alphonce Omija dakika ya 48. Mechi tano, mabao matano. Hakuna hata siku moja tulifunga mawili. Hata moja!

Timu inayofunga moja kila siku ni kama mtu anayetoka nyumbani na nauli ya kwenda tu. Siku nne apata lifti ya kurudi, aona maisha ni rahisi. Siku ya tano mvua yanyesha, makanga apandisha bei, na yeye yuko Mwembe Tayari mfukoni hana kitu. Sasa utamlaumu makanga?

Najua mtaniambia nini. "Bro, ilikuwa CHAN yetu ya kwanza." Kweli. "Kundi lilikuwa gumu." Kweli tena, Morocco na DR Congo kila mmoja alikuwa ashachukua kombe hili mara mbili kabla ya kuja hapa. Na sisi tukaongoza kundi kwa pointi 10, tukafungwa bao moja tu kwenye mechi nne. Benni McCarthy alikuwa na kazi hii tangu Machi peke yake. Mabeki walicheza mpira ambao mimi sijawahi kuona Stars wakicheza tangu nianze kufuatilia. Hizo sifa nawapa zote, na sipunguzi.

Lakini angalieni vizuri jinsi tulivyoanza kupenda kuteseka. Na Angola, Marvin Nabwire alipewa kadi nyekundu dakika ya 21. Watu kumi, saa nzima na zaidi, tukashika sare. Na Morocco, Chrispine Erambo akatolewa kabla ya mapumziko. Kipindi kizima cha pili ni kuokoa, kuokoa, kuokoa. Mimi siku hiyo nilitokwa na machozi, wallahi, na sina aibu. Mkiwa kumi mtafanya nini kingine? Mnarudi nyuma, mnafunga njia, mnaomba Mungu. Huo ulikuwa ushujaa wa kweli.

Tatizo ni kwamba tuliusifu mpaka tukausahau ulikuwa wa dharura. Vibanda vyote, redio zote, kurasa zote, zikaanza kuimba "Stars hawafungiki". Hamna aliyeuliza mbona hatufungi. Na mimi nimo, nilitengeneza video mbili za kusifu mabeki na hata moja ya kuuliza straika apata mipira mingapi kwa mechi.

Sasa njooni Ijumaa ile ya Agosti 22. Mnajua Mombasa hatukupewa mechi hata moja, uwanja wetu wa Manispaa ulikuwa bado haujaisha, hiyo ni hadithi yake na nina hasira nayo ya siku nyingine. Kwa hivyo mji wote ulikuwa mbele ya skrini. Sisi tuliweka televisheni barazani, waya umepitishwa dirishani, kahawa iko, viazi karai viko, na yule mzee wetu ambaye kila mechi lazima akukumbushe kwamba Feisal ya Mombasa ilikuwa bingwa wa ligi ya Kenya mwaka 1965 na tangu hapo hamna timu ya Mombasa iliyorudia. Omija akafunga mapema kipindi cha pili. Uchochoro ukapasuka. Mtu alimwaga kahawa ya watu wanne.

Mimi nikamwangalia mzee. Ametulia, akaniambia, "Mwanangu, sasa ndio wacheze." Nikadhani ni mambo ya wazee tu.

Ukifunga dakika ya 48 una zaidi ya dakika arobaini mbele yako. Adui hana tena cha kulinda, lazima atoke. Akitoka anaacha uwazi nyuma ya mabeki wake. Hapo ndipo unamwacha Ogam juu, mtu ambaye ashafunga mawili kwenye mashindano haya. Hapo ndipo winga mwenye miguu mipya anaingia mapema, sio wakati mambo yashaharibika. Hapo ndipo Austin anapata mpira akitazama lango lao, sio akirudi kulitazama letu. Hii si sayansi. Madogo wa mtaani wakicheza mechi ya soda wanajua: ukifunga moja, mwenzako akipaniki, ongeza.

Kuna wanaobisha kwamba tulishambulia, nafasi zilikuwepo ila hazikuingia. Sawa, tuseme ni hivyo. Basi swali ni lilelile. Kama nafasi zapatikana na mechi tano mfululizo haziingii mbili, hiyo si bahati mbaya, hiyo ni tabia ya timu, na tabia inafanyiwa kazi mazoezini.

Ikafika adhana ya Maghribi. Nusu ya baraza wakainuka kwenda kuswali tukiwa 1-0. Waliporudi wakakuta 1-1, dakika ya 69, penalti. Penalti moja tu, na kila kitu cha mwezi mzima kikawa sifuri, kwa sababu hatukuwa na akiba. Penalti mtu yeyote anaweza kupewa. Ukiwa 2-0 ni kero. Ukiwa 1-0 ni msiba.

Na kinachoniuma zaidi ni nani alikuwa kwenye benchi letu. McCarthy si beki mstaafu. Huyu ni mfungaji bora wa Afrika Kusini wa wakati wote, mabao 31. Alichukua Ligi ya Mabingwa na Porto mwaka 2004. Manchester United walimwajiri awafundishe mastraika wao. Mtu anayejua goli kuliko sisi wote, timu yake inaishi kwa bao moja kama dozi ya dawa! Simwiti kocha mbaya, sitaki afukuzwe, wacheni huo upuzi wa kufukuza makocha kila mwezi. Namuuliza tu kazi yake hasa: mbona?

(Kwa upande: Rais aliahidi kila mchezaji milioni moja kwa ushindi na nusu milioni kwa sare. Sikatai pesa, wapewe. Lakini 1-0 na 4-0 bei ni ileile, nilicheka kidogo.)

Mtaniambia Madagascar walikuwa wazuri. Nawaambia walikuwa wazuri na Tanzania waliwafunga 2-1 kule Dar. Mawili! Watani wetu hawakungoja matuta. Halafu angalieni hao Madagascar walifanya nini baada ya kututoa. Nusu fainali na Sudan walibaki watu kumi kama sisi, lakini muda wa nyongeza wakaenda mbele wakatafuta bao wakalipata, 1-0. Watu kumi walewale ambao sisi tungewatumia wote kukaa mbele ya kipa.

Sasa nifike kwa hili ambalo ndilo lilinifanya niandike badala ya kurekodi.

Ramadhani iliyopita kulikuwa na mechi zetu za usiku, mnazijua. Kuna dogo mmoja, beki wa kushoto, bado yuko sekondari, alicheza mashindano mazima hapitwi na mtu. Fainali ikaenda matuta, akapiga nje. Mimi nilikuwa na simu. Nikakata ile sekunde ya kukosa, nikaweka sauti ya kicheko, nikapandisha. Iliangaliwa kuliko kitu chochote nilichotengeneza mwezi ule. Watu walinipongeza. Timu yake nayo kwenye hiyo mechi ilifunga bao ngapi? Moja. Ilikuwa inaongoza tangu kipindi cha kwanza, ikajikunja, ikasawazishwa mwishoni. Hiyo sikuikata, haikuwa na kichekesho.

Dogo hakurudi mazoezini. Nilipoambiwa, nikafuta ile video, lakini ilikuwa ishasambaa, bado kuna mtu anayo sahi hivi. Nilikwenda kwao. Mamake alinikaribisha chai na mahamri, hajui kama ni mimi niliyeirekodi, na sikupata ujasiri wa kumwambia. Dogo anajua. Alikaa pale ananiangalia.

Kwa hivyo mkiniona sicheki na zile picha zenu za wachezaji wa Stars, msiniite mlaini. Wale walikubali kutembea kutoka katikati ya uwanja mpaka kwenye ile alama, Kasarani nzima inawatazama, baada ya kukimbia dakika 120. Wangeweza kujificha nyuma ya mgongo wa mwenzao. Na kazi ya kupiga ile penalti isingekuwepo kama kazi ya bao la pili ingefanywa. Huyo unayemtukana alirithi deni la timu nzima, pamoja na benchi, pamoja na sisi tulioshangilia 1-0 tatu kana kwamba ndio mpira wenyewe.

Ogam anaenda Austria, Wolfsberger, Mungu amfungulie. Ijumaa hii Gambia wanakuja Kasarani, kufuzu Kombe la Dunia. Televisheni itatoka dirishani kama kawaida. Dogo nimemwambia aje, akasema ataona. Tukifunga la kwanza sitoi simu mfukoni, nitakaa karibu na mzee ningoje la pili.