Binti Anapohitimu na Kuchagua Kazi ya Nyumba na Viwanja

Mwezi huu tunazungumza na mabinti wanaomaliza chuo, pamoja na mama zao. Wapo wahitimu ambao, mara wapatapo cheti, huamua kuingia moja kwa moja katika kazi ya nyumba na viwanja. Baadhi yao wamesomea mambo ya ardhi. Wengine wamesomea uhasibu, biashara au ualimu, na ajira waliyoitarajia haikupatikana. Binti anapoileta habari hiyo nyumbani, mara nyingi jibu la kwanza huwa hili: "Yaani tumekusomesha miaka yote hiyo ukawe dalali?"

Swali hilo lina uchungu, na halikosi sababu. Jina la dalali limechafuka katika miji yetu. Ni nani asiyemjua mtu aliyelipia chumba kimoja na watu wengine watatu, au aliyenunua kiwanja kisha akakuta msingi wa mwenzake? Hata hivyo, kazi yenyewe si mbaya. Watu huhama, huoa na kuolewa, hupata watoto, hustaafu, na wote huhitaji mahali pa kukaa. Yupo lazima mtu wa kuwakutanisha mwenye nyumba na mpangaji, au muuzaji na mnunuzi. Tunaamini kuwa binti aliyesoma anaweza kuifanya kazi hiyo kwa heshima na ikamlea, ila kwa sharti moja: ajizoeze kuuliza "Ni ya nani?" kabla ya kuuliza "Ni shilingi ngapi?"

Kuna milango zaidi ya mmoja

Kwanza, wazazi wafahamu kwamba udalali ni mlango mmoja tu. Nchini Tanzania, Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007, hufundisha usimamizi wa ardhi, uthamini na uwekezaji katika majengo. Vyuo vya Ardhi vya Morogoro na Tabora navyo hutoa mafunzo ya ngazi ya chini ya hapo. Aliyepita huko anaweza kufanya kazi katika idara ya ardhi ya halmashauri, au katika kampuni inayosimamia majengo ya watu. Anaweza pia kuwa chini ya mthamini, yaani mtaalamu anayekadiria thamani ya nyumba ambayo benki inataka kuijua kabla ya kutoa mkopo.

Mthamini, lakini, hajitangazi mwenyewe. Sheria ya mwaka 2016 iliweka Bodi ya Usajili wa Wathamini, na mhitimu hana budi kufanya kazi kwanza chini ya aliyesajiliwa. Wasomaji wetu walioko Kenya wakumbuke kuwa kwao hata wakala wa nyumba hutakiwa kusajiliwa na bodi, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1984.

Kwa binti anayeweza kupata nafasi katika ofisi yenye mshahara, hata kama ni mdogo, ushauri wetu ni kwamba aichukue kwa mwaka mmoja au miwili. Hapo ataona mikataba, atawajua maofisa wa ardhi, na atajifunza kwa makosa yanayosahihishwa na mkubwa wake kabla hayajamfikia mteja.

Hesabu ya miezi ya mwanzo

Anayeanza udalali moja kwa moja ajue kuwa hakuna mshahara. Tuchukue mfano wa jijini Dar es Salaam. Nyumba ya vyumba viwili inapangishwa kwa shilingi 200,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, yaani shilingi 1,200,000. Kwa desturi ya mjini, mpangaji humlipa dalali kodi ya mwezi mmoja, hivyo dalali hupata shilingi 200,000. Binti akisikia hivyo hudhani kuwa nyumba tano kwa mwezi zitampa milioni moja.

Mambo hayaendi hivyo. Mara nyingi nyumba huwa mikononi mwa dalali mmoja na mteja mikononi mwa mwingine, na katikati yao yupo aliyewaunganisha. Wakiwa wanne, kila mmoja huondoka na shilingi 50,000. Toa nauli ya siku ambazo wateja waliangalia na kuondoka, toa vocha ya simu, toa chakula cha njiani. Kwa upande wa kuuza, malipo ni asilimia fulani ya bei kwa mapatano, tena kiwanja kimoja chaweza kuchukua miezi mingi kabla ya kuuzika.

Kwa hiyo mzazi mwenye uwezo asikimbilie kumfungulia binti ofisi yenye meza na kiti cha kuzunguka. Amsaidie nauli na chakula cha miezi sita, akae nyumbani, na kila siku jioni aandike katika daftari: nyumba alizoziona, wenye nazo, bei, maji, umeme, njia ya gari, na kama mvua zikinyesha maji huingia ndani. Daftari hilo, baada ya mwaka, ndilo mtaji wake. Haba na haba hujaza kibaba.

Ni ya nani, na ni nani mwingine?

Sasa tufike kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Tunachomiliki ni haki ya kuitumia. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zilianza kutumika mwaka 2001. Mjini kuna hati miliki ya miaka 33, 66 au 99, na katika maeneo yasiyopimwa kuna leseni ya makazi ya muda mfupi. Vijijini kuna haki miliki ya kimila. Karatasi hizi hazilingani nguvu, na dalali asiyeweza kuzitofautisha ni hatari kwa anayemwamini.

Palipo na hati, nakala iliyopigwa picha kwa simu haitoshi. Upekuzi ufanyike katika ofisi ya Msajili wa Hati, ili ijulikane jina la mmiliki, na kama nyumba iko rehani benki au imewekewa zuio. Pasipo na hati, binti aende ofisi ya serikali ya mtaa, kisha azungumze na majirani wa pande zote za kiwanja. Majirani hujua mpaka uko wapi. Hujua pia kama kuna ugomvi ulioishia katika Baraza la Ardhi na Nyumba.

Lakini jina lililoandikwa kwenye hati si mwisho wa maswali. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mume au mke kuuza, kupangisha, kutoa zawadi au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Hivyo baba akija na hati mkononi, akiwa na haraka, anasema bei inapungua ikiwa fedha zitapatikana leo, binti aulize kwa adabu: "Baba, na mama wa nyumbani yuko wapi? Tungependa tumwone na yeye." Akijibiwa kwamba mambo hayo hayamhusu, afunge daftari lake, aage, aondoke.

Ndivyo ilivyo pia kwa nyumba ya marehemu. Kaka mkubwa wa familia hana uwezo wa kuiuza kwa sababu tu ni mkubwa. Anayetakiwa ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, naye ana wajibu kwa warithi wote, wakiwemo mjane na watoto. Tunawafahamu akina mama waliojua kuwa nyumba imeuzwa siku waliyoona watu wageni wakipima uwanja kwa kamba. Katika kila kisa cha namna hiyo alikuwepo mtu katikati, aliyepokea malipo yake na kusema kuwa yeye ni dalali tu, mambo ya familia hayajui.

Mabinti wetu, hapo ndipo msomi anapotakiwa kutofautiana na asiyesoma. Malipo ya siku moja yanaweza kulipa kodi ya chumba chako, na wakati huo huo yakawatoa watoto wa mwenzako barabarani. Ninyi mnaotoka chuoni mna uwezo wa kusoma karatasi. Msiufiche uwezo huo pale fedha zinapowekwa mezani.

Fedha za watu

Jambo la pili linaloharibu jina ni kushika fedha zisizo zako. Kodi na iende moja kwa moja kutoka kwa mpangaji hadi kwa mwenye nyumba, benki au kwa simu iliyosajiliwa kwa jina lake, na kila upande ubaki na stakabadhi. Wakati wa kuuza, malipo yafanyike mbele ya wakili baada ya upekuzi kukamilika. Muuzaji aelezwe mapema kwamba uhamisho hausajiliwi kabla kodi ya serikali haijalipwa TRA, maana wengi hugombana mwishoni kwa kutojua nani alipaswa kuilipa.

Kuna pia kile kinachoitwa "cha juu". Mwenye kiwanja anataka milioni nane, dalali anamwambia mnunuzi milioni kumi, na milioni mbili zinapotea katikati. Wazoefu watamwambia binti kuwa ndiyo njia ya mjini. La hasha! Wenye kiwanja na wanunuzi hukutana siku ya kutia sahihi, na siri hiyo haikai. Afadhali aandikiane na mwenye mali tangu mwanzo: atalipwa kiasi gani, na nani, na lini. Karatasi moja yenye sahihi mbili humwepusha na kudai haki yake kwa machozi.

Vilevile asitumie mtandaoni picha za nyumba ambayo hajaikanyaga. Mteja aliyepanda magari mawili kuja kuona nyumba iliyopangishwa mwezi uliopita hatarudi tena, na atawaambia wengine.

Usalama wake

Mama wengi huogopa jambo hili kuliko yote, nasi hatuwalaumu. Kazi hii humpeleka msichana katika nyumba tupu pamoja na mtu asiyemjua. Basi yawepo masharti ambayo hayavunjwi kwa ajili ya mteja yeyote. Wakutane kwanza mahali penye watu, kama dukani au ofisi ya serikali ya mtaa. Aende mchana. Asiende peke yake. Wasichana wawili wanaofanya kazi pamoja hugawana malipo, lakini hurudi nyumbani salama. Aache nyumbani jina la mteja, namba yake ya simu na mahali wanapokwenda. Ndani ya nyumba akae karibu na mlango, mteja aangalie vyumba mwenyewe. Anayesema kwamba ataonana naye usiku tu, au hotelini, huyo hatafuti nyumba.

Neno kwa wazazi

Mwezi Julai 2025 Serikali ya Tanzania ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa, na uwakala wa nyumba na viwanja ni mojawapo. Kwa maana hiyo kazi hii imeachwa mikononi mwa watoto wetu. Ni juu yetu kuona inafanywa na watoto wa namna gani.

Mama, binti yako akikuambia amekataa kuuza nyumba kwa sababu mke wa mwenye nyumba hakuonekana, na kwamba amerudi bila senti, usimcheke. Mpikie chakula, mwulize alivyojua, mwache akueleze. Siku hiyo amefanya kazi yake vizuri kuliko siku atakayoleta laki tano. Mwenye nyumba mwingine atasikia, jirani atasikia, na polepole wataanza kusema: "Kama ni kiwanja, mtafuteni yule binti, yeye huuliza kila kitu." Jina la namna hiyo halinunuliwi, na wateja watakaolifuata watamtosha kwa miaka mingi.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutazungumzia mkataba wa kupanga nyumba: mambo ambayo mama wa nyumbani anapaswa kuyasoma kabla ya kutia sahihi. Hadi hapo, tunawatakia mabinti wote wanaohitimu mwanzo mwema.