Mwoga aliyewashinda wahenga

  

Leo nataka tugombane kidogo na wahenga. Walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Yaani mwoga hurudi nyumbani kwa miguu yake, shujaa huletwa amebebwa. Sawa, sibishi. Lakini nimekutana na kijana mmoja aliyewachanganya wahenga hawa, akaanza na kicheko akaishia kuliliwa. Anaitwa Popp, na ni mtu wa kwenye katuni ya Kijapani.

Usinune, msomaji! Najua wapo wanaosema katuni ni mambo ya watoto. Subiri kwanza nikupe mkasa.

Katuni yenyewe inaitwa Dragon Quest: Dai no Daibouken. Mtunzi ni Riku Sanjo, mchoraji ni Koji Inada. Ilitoka tangu 1989 hadi 1996 ndani ya Shonen Jump, gazeti la katuni la kila wiki, na ilipokusanywa ikajaza vitabu 37. Na hilo gazeti si la mchezo. Mwishoni mwa 1994 toleo lake moja lilichapwa nakala milioni 6.53. Hizo ndizo katuni ambazo wenyewe wanaziita manga.

Sasa, katuni hii imezaliwa na gemu. Mwaka 1986 kampuni ya Enix ilitoa gemu la Dragon Quest, lililobuniwa na Yuji Horii. Sura za wahusika alichora Akira Toriyama, yule wa Dragon Ball, aliyefariki mwaka 2024. Humo unakuwa shujaa, unazunguka maporini na mapangoni, unapambana na mazimwi, na kila ukishinda unaongezewa nguvu na pesa.

Nisikilize vizuri hapa. Katika gemu lile shujaa hasemi. Yuko kimya kama maji ya mtungini, kwa sababu shujaa ni wewe mwenyewe unayebonyeza vitufe. Ukiuawa unafufuliwa mbele ya mfalme, na adhabu yako ni kupoteza nusu ya pesa zako. Na ukizidiwa, lipo chaguo la kukimbia. Unalichagua, ukibahatika unaingia mitini, na hakuna wa kukuzomea. Tena mara nyingi kukimbia ndiyo akili yenyewe.

Sanjo na Inada walichukua uchawi uleule na mazimwi yaleyale, wakaongeza kitu ambacho gemu halina, yaani aibu. Ukishakimbia, kesho yake unamtazamaje usoni rafiki uliyemwacha?

Shujaa wa hadithi ni Dai, mtoto aliyelelewa na mazimwi kisiwani. Huyo ana nguvu za kuzaliwa, hana shida. Popp ni mtoto wa muuza silaha wa kijijini, aliyetoroka kwao akamfuata mwalimu Avan ili afundishwe uchawi. Mchawi wa kule si yule wa kuruka na ungo, anatupa moto na barafu mchana kweupe. Sasa huyu Popp domo anajua, lakini mambo yakiwa mabaya miguu inamtangulia.

Siku moja porini wanakutana na Crocodine, jitu lenye sura ya mamba. Popp huyo, nduki! Dai anaachwa peke yake. Baadaye Crocodine anavamia mji wa Romos. Dai na msichana mmoja, Maam, wanakwenda kupigana, na Popp anabaki amejificha kwenye nyumba ya wageni.

Hapo anatokea mzee mmoja mchawi, tapeli wa kundi la mashujaa feki. Mzee anamsimulia kwamba yeye mwenyewe aliyapa mgongo mambo magumu tangu ujana, na matokeo yake ndiyo hayo anayoyaona mbele yake. Popp anatoka, magoti yanagongana, anakwenda. Hakuongezewa nguvu hata chembe. Anakwenda hivyohivyo na hofu yake. Mimi hapo nilikifunga kitabu kwanza, nikapumua.

Ngoja, bado. Mbele anatokea Baran, mpiganaji wa kutisha, ambaye kumbe ni baba mzazi wa Dai. Anamfutia mwanawe kumbukumbu zote na anakuja kumchukua. Popp anawatolea wenzake maneno machafu, anawaambia yeye anaondoka zake. Wanamdharau na kumwamini papo hapo, maana si ndiyo tabia yake? Kumbe jamaa amekwenda peke yake njiani kuwazuia wapiganaji wa Baran. Lile jina la uoga walilompa amelitumia kama koti la kujifichia!

Mwisho anamng'ang'ania Baran kichwani na kupiga uchawi uitwao Megante, ambao anayeupiga hutoa uhai wake. Uchawi huo upo hata kwenye gemu. Kule mwenzako akifa hivyo unampeleka kanisani, unalipa, anafufuka. Ndani ya katuni hakuna bei. Popp anaanguka, na waliomdharau asubuhi ndio wanaolia. Haya, wahenga mko wapi? Baadaye alirudi, lakini alirudije, hilo sikwambii.

Na kuna hili. Wanafunzi watano wa Avan wana alama zao, na kila alama huwaka kwa sifa ya mwenyewe. Za wenzake zote zinawaka. Ya Popp inagoma, naye anajiona takataka, mtoto wa muuza duka kati ya watu waliobarikiwa. Inakuja kuwaka katikati ya vita, bila kumpiga mtu. Iliwaka alipothubutu hatimaye kutamka kwamba anampenda Maam. Na sifa yake ilikuwa nini? Ujasiri! Kati ya wote watano, ujasiri umekwenda kwa mwoga.

Kwa nini nimeyaleta haya? Kwa sababu mtaani kwetu jina huganda haraka. Kijana akikimbia ugomvi mmoja, basi ni mwoga mpaka anaoa. Akifeli mtihani mmoja, hata akipata kazi bado ni "yule aliyefeli". Mimi niliishia kidato cha nne, nawajua vijana wengi waliopewa jina siku moja wakaamua kuliishi miaka yote. Hakuna aliyewaambia kwamba kesho yake wangeweza kutoka ndani na kurudi, magoti yakigongana vilevile.

Sisemi mkatafute ngumi, jamani. Mama bado anataka mwanawe arudi mzima, na ugomvi wa kilabuni ukiukimbia mimi nitakusifu. Nasema ukimkimbia mtu anayekutegemea, mlango wa kurudi bado upo wazi.

Anayetaka kuona mwenyewe, filamu zake za kwanza za televisheni zilitoka 1991 hadi 1992, sehemu 46, zikakatika kabla ya mwisho. Zikatengenezwa upya 2020 hadi 2022, sehemu 100, mkasa mzima. Vitabu vya Kiingereza vilianza kutolewa na Viz mwaka 2022.

Haya, kalamu naiweka chini. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Na yule jirani mnayemwita mwoga, mwacheni kwanza apumue.