MNARA HAUKUANGUSHWA NA JINI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu yangu katika imani, hapa Mwanjelwa ukiuliza habari za gofu lolote utaambiwa, "Pale pana wenyewe." Na mnara ukizeeka, utasikia kuna damu chini yake.

Tuchukue mnara unaojulikana, wa Beit al-Ajaib, Unguja. Jumba lilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Mnara wa kwanza ulisimama mbele yake, ukavunjwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Baadaye ukajengwa mwingine, ukashikana na jumba. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jumba likawa shule ya chama cha ASP, kisha makumbusho. Husimuliwa kuwa watumwa walizikwa chini ya nguzo zake.

Mwaka 2012 sehemu ya baraza ikaanguka, jumba likafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa kwenye matengenezo, mnara na upande wa mbele ukaporomoka. Watu wawili walifariki. Allah awarehemu.

Je, tuseme mizimu imedai chake?

Kumbuka kisa cha Nabii Sulaiman, alayhis salaam, katika Surat Sabaa. Alifariki akiwa ameegemea fimbo, na majini wakaendelea na kazi ngumu bila kujua. Mdudu mdogo akaila fimbo, mwili ukaanguka, ndipo wakatambua. Majini hawakujua ghaibu. Na kilichoangusha si jini, ni mdudu aliyekula taratibu.

Majini wapo, tunaamini. Lakini ukiwabebesha kila ufa, umefanya mabaya mawili. Umempa mganga soko: leo atakuuzia hirizi, kesho atakuambia inahitajika damu. Sisi watu wa Nyanda za Juu Kusini tunajua maneno hayo yameishia wapi. Pili, umemwachia mwenye dhamana. Jini haulizwi fedha za ukarabati zilikwenda wapi. Binadamu huulizwa, hapa na mbele ya Allah, kwa sababu amana ni amana.

Wengi mnakumbuka soko letu lilipoungua 2006. Maneno ya uchawi hayakumrudishia mtu hata gunia moja.

Basi ewe mjumbe wa kamati ya msikiti, ewe mzazi: leo inua macho uangalie ukuta wa madrasa wanamosoma watoto. Ukiona ufa, usiulize nani kaloga. Soma dua zako, kisha ita fundi.

Allah atulinde na shirki na uzembe. Amin.