Gitaa jipya la besi Rujewa: Bei ni moja, gharama ni nyingine

Mpunga unapoanza kutoka mashambani katika bonde la Usangu, kwa kawaida kati ya Mei na Julai, mzunguko wa fedha Rujewa hubadilika. Mabati, magodoro na pikipiki hupata wanunuzi. Kwaya na vikundi vya muziki navyo hukumbuka ahadi iliyowekwa tangu msimu uliopita, kwamba safari hii lazima linunuliwe gitaa la besi, tena jipya.

Ununuzi huo unastahili kupimwa kama uwekezaji mwingine wowote. Fedha za mpunga huja mara moja kwa mwaka kwa wengi wa wakulima wa Wilaya ya Mbarali. Kikundi kinachokosea mwezi Julai hakina cha kurekebishia kosa hilo hadi mavuno mengine, na katikati hapo wanachama waliotoa michango huanza kuulizana fedha zao zilikwenda wapi.

Kwa hesabu za soko, besi mpya ya nyuzi nne, isiyotumia betri, ndiyo inayofaa mazingira ya Rujewa. Lakini lipo sharti: isinunuliwe peke yake.

Ubora wake

Mfano mzuri wa daraja hilo la bei ya chini ni Yamaha TRBX174. Ina nyuzi nne, na sehemu ya uzi inayotikisika ina urefu wa inchi 34. Hicho ndicho kipimo alichokitumia Leo Fender katika besi yake ya Precision, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1951, na ndicho kilichoenea duniani hadi leo.

Kwa mnunuzi wa Rujewa, jambo hilo lina maana ya kifedha. Seti ya kawaida ya nyuzi za besi ya nyuzi nne, ya kampuni yoyote ile, itaingia. Mwenye gitaa halazimiki kusubiri kipuri cha aina moja tu kutoka kwa muuzaji mmoja tu. Ni kama gari: busara ni kununua lile ambalo vipuri vyake vinapatikana.

Ubora wa pili ni kukosa betri. Besi nyingi za bei ya juu kidogo zina mtambo mdogo wa kuchuja sauti ndani yake, unaoendeshwa na betri ya volti 9. Betri hiyo huanza kutumika mara tu waya unapochomekwa kwenye gitaa, hata kama hakuna anayepiga. Mpigaji akizoea kuacha waya umechomekwa baada ya mazoezi, betri huisha mapema, na Jumapili moja asubuhi gitaa litakoroma au halitatoa sauti kabisa. Besi isiyotumia betri haina hatari hiyo.

Aidha, besi ya daraja hili ina sumaku mbili za kunasa mtikisiko wa nyuzi. Ile iliyo karibu na shingo hutoa sauti nene na ya mviringo, inayoibeba kwaya. Ile ya nyuma hutoa sauti kali zaidi, inayosikika vizuri katikati ya magitaa mengine ya muziki wa dansi. Kikundi kinachoimba kanisani asubuhi na kukodiwa harusini jioni hakihitaji magitaa mawili.

Kasoro zake

Hata hivyo, upya wa gitaa si cheti cha ubora. Magitaa ya bei ya chini mara nyingi hutoka kiwandani nyuzi zikiwa juu mno, na mpigaji huchoka vidole kabla ya ibada kwisha. Shingo nayo ni mti. Hupinda kidogo majira ya mvua na kurudi wakati wa kiangazi. Ndani yake umo ufito wa chuma unaokazwa au kulegezwa kwa ufunguo maalumu. Kazi hiyo si ngumu, lakini ikifanywa na asiyejua, shingo inaharibika moja kwa moja.

Kasoro nyingine ni kushuka kwa thamani. Gitaa jipya hupoteza sehemu ya bei yake siku linapotoka dukani. Kikundi kikibanwa na madeni na kutaka kuliuza mwezi Desemba, hakitarudishiwa kile kilicholipa mwezi Julai.

Lakini kasoro kubwa kuliko zote haimo ndani ya gitaa. Besi ya umeme bila amplifaya yake ni ubao wenye nyuzi. Hapa ndipo vikundi vingi hupoteza fedha. Hununua gitaa, halafu hulichomeka kwenye spika ndogo ya kinanda iliyopo. Uzi mnene wa besi hutoa mtikisiko wa takribani mara 41 kwa sekunde. Spika ya inchi 6 au 8 iliyotengenezwa kwa kazi nyingine haiwezi kuitoa sauti hiyo kwa nguvu. Mpigaji huongeza sauti, spika hupasuka, na kikundi kinabaki na gitaa jipya na kinanda kisichosikika.

Uzi wa tano ni lumbesa

Vijana wengi huvutiwa na besi ya nyuzi tano, kwa kuwa ndiyo wanayoiona kwenye video za nyimbo za injili. Uzi wa tano hushuka hadi mtikisiko wa takribani mara 31 kwa sekunde. Ni sauti nzuri, lakini huhitaji spika kubwa na amplifaya yenye nguvu zaidi ili isikike. Bila vifaa hivyo, mnunuzi amelipia sauti ambayo msikilizaji wa mwisho ukumbini hataipata.

Wakulima wa Usangu wanaijua lumbesa, gunia linalojazwa hadi kuvimba huku bei ikibaki ya gunia moja. Uzi wa tano ni lumbesa ya namna nyingine: gunia linaonekana limejaa, lakini safari hii anayepunjwa ni mnunuzi. Aidha, seti ya nyuzi tano kwa kawaida ni ghali kuliko ya nyuzi nne.

Wapo wanaopendekeza besi ya mtumba. Hoja yao ina uzito, kwa sababu besi ya zamani iliyotengenezwa vizuri inaweza kuishinda mpya ya bei ya chini. Lakini ubora huo hutambuliwa na mwenye sikio na jicho la kazi. Na endapo amplifaya ya mtumba inanunuliwa pamoja nayo, ni lazima volti zisomwe kwanza. Umeme wa Japani ni wa volti 100 na wa Marekani ni wa volti 120, wakati wa Tanzania ni wa 230. Kosa la kuchomeka hapo huchukua sekunde moja tu.

Wengine husema kinanda kinatosha, kwa kuwa mkono wa kushoto unaweza kupiga besi. Kwa kikundi kisicho na mpigaji wa besi, hilo ndilo jibu sahihi, na fedha zibaki benki.

Hesabu ya magunia kumi

Tuchukue mfano wa kwaya ya waimbaji 30, kila mmoja akichangia debe mbili za mpunga. Hizo ni debe 60, sawa na magunia 10 ya debe sita sita. Mgawanyo wenye busara ni magunia matatu kwa gitaa, matano kwa amplifaya yenye spika ya inchi 12 au 15, na mawili kuwa akiba. Akiba hiyo ndiyo itakayonunua seti ya pili ya nyuzi, waya wa ziada, kifaa cha kulinda vyombo dhidi ya umeme unaopanda na kushuka, na nauli ya kumfuata fundi.

Kwaya inayotumia magunia manane kwa gitaa la fahari na mawili kwa spika ya kubahatisha imegeuza hesabu juu chini. Wasikilizaji hawalioni jina lililoandikwa kwenye gitaa. Wanasikia spika.

Muda wa kuuza nao una faida yake. Bei ya mpunga kwa kawaida huwa chini wakati wa mavuno na hupanda kadiri ghala zinavyopungua kuelekea mwanzo wa mwaka. Kikundi chenye mahali salama pa kuhifadhi kinaweza kununua amplifaya sasa na gitaa baadaye, kwa magunia machache zaidi. Si kila mwaka bei hufuata kanuni hiyo, kwa hiyo si vema kuweka magunia yote rehani kwa kusubiri.

Nani mwenye gitaa?

Swali la mwisho ni la umiliki, na historia ya muziki wa dansi nchini inatoa fundisho. Bendi nyingi zilikuwa chini ya mashirika na viwanda, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Ukanda huu unaikumbuka TANCUT Almasi ya Iringa, iliyobeba jina la kiwanda cha kuchonga almasi na kuvuma miaka ya 1980. Mwaka 1985 Muhiddin Maalim Gurumo na Hassan Bitchuka walipoondoka DDC Mlimani Park kwenda Orchestra Safari Sound, walichoondoka nacho ni sauti na ujuzi. Vyombo hubaki, watu huhama.

Kwa kwaya ya Rujewa, maana yake ni kwamba risiti ya EFD iandikwe jina la kikundi wala si la mpigaji, na kwamba wafundishwe wapigaji wawili, si mmoja. Gitaa lenye mpigaji mmoja ni rasilimali inayoweza kulala siku kijana huyo anapopata kazi Mbeya au Dar es Salaam.

Basi besi mpya ya nyuzi nne ni bidhaa nzuri kwa fedha ya mpunga. Haina makuu, vipuri vyake vinajulikana, na inavumilia mazingira ya mji mdogo. Lakini kikundi ambacho hakijatenga fedha za amplifaya, akiba ya nyuzi na muda wa kumfundisha mpigaji wa pili kingefanya vema kuacha mpunga wake ghalani msimu huu.